Risasi na Mafuta Yake: Ufundi Uliosahauliwa wa Nyanda za Juu za Kusini

Neno risasi lina maana mbili katika Kiswahili: madini mazito yaliyo laini, na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Maana ya kwanza ndiyo ya asili, nayo yatoka katika Kiarabu, kama yalivyotoka baruti, kalibu na kusubu. Lakini kushindilia, kupaka na kuvuja ni maneno ya Kibantu. Vitu vililetwa na wageni; sehemu kubwa ya kazi ya mkono ilibaki na majina ya wenyeji. Katika makala haya nataka kueleza jambo dogo ambalo historia za Iringa na Mbeya hulipita bila kulitazama, yaani mafuta ya risasi na namna ya kuyazuia yasivuje, kwani kwa kulifuata twaelewa vema zaidi mambo makubwa.

Kabla ya mwaka 1890 misafara ya pwani ilipanda mpaka Usangu kwa Merere, na Uhehe kwa Munyigumba na baadaye mwanawe Mkwawa, ikileta bunduki na baruti na kuchukua pembe za ndovu. Nyingi za bunduki hizo zilikuwa magobori. Mtutu wa gobori ni laini ndani, na risasi yake, iliyo ndogo kuliko tundu, huingizwa kwa mdomo na kushindiliwa kwa mdeki. Mwenye kalibu na moto aweza kujisubia risasi nyumbani kwake. Akikosa madini, hutia vipande vya chuma. Katika silaha ya namna hii mafuta hayana kazi kubwa.

Mambo hugeuka mtutu ukiwa na mifuo ya mzunguko ndani. Hapo risasi haina budi kubana ipate kuzunguka; na ikibana bila mafuta, madini yake hugandamana na mtutu na shabaha hupotea. Wala jambo la mafuta si la kudharauliwa: mwaka 1857, huko Bara Hindi, habari kwamba risasi mpya zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe ilikuwa mojawapo ya sababu za askari kuasi.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski, wakateka bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga. Askari wa Wajerumani walitumia Mauser ya namna ya mwaka 1871. Risasi yake ilikuwa na ganda la shaba, baruti kiasi cha gramu 5, kisha bonge la nta, na juu yake madini ya gramu 25 yaliyofungwa karatasi. Nta ile ilizuiwa kwa vipande vya karatasi ngumu, isije ikapenya na kuiharibu baruti. Twaona basi kwamba hata wakati huo mafundi walikuwa wakipigana na uvujaji.

Mkwawa alipata bunduki, lakini hakupata kiwanda. Nta haikuwa adimu katika nchi yenye nyuki wengi, na madini yaliweza kusubiwa. Lakini ganda la shaba na fataki yake havikutengenezwa Kalenga. Kila risasi iliyofyatuliwa haikuacha mrithi. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya Kalenga kutekwa tarehe 30 Oktoba 1894, wala ya Mkwawa kujiua tarehe 19 Julai 1898; nasema kwamba ni sababu isiyofaa kusahauliwa.

Leo, katika nchi ambazo sheria yaruhusu, kazi ile hufanywa kwa shinikizo dogo lililofungwa juu ya meza ya fundi. Wenzo husukuma risasi ndani ya bomba la kipimo. Parafujo husukuma mafuta kutoka katika tangi lake, nayo hupenya vitundu vya bomba na kujaza mfuo wa risasi. Mafuta yakivuja, sababu zake ni chache. Ya kwanza ni fundi kuacha parafujo imekazwa baada ya kazi, yafaa ailegeze. Ya pili ni risasi kusimama juu mno au chini mno, hata vitundu visikutane na mfuo, na mafuta yakaingia chini ya kitako chake. Dawa ni kurekebisha kina, na kuziba vitundu visivyotumika. Ya tatu ni pete ya mpira iliyochakaa. Ya nne ni joto. Katika baridi ya Mbeya ya mwezi wa Julai mafuta huwa magumu asubuhi, na mwenye haraka hukaza parafujo. Jua likipanda, mafuta hulainika na kububujika. Afadhali kuyapasha moto kidogo kuliko kuyalazimisha kwa nguvu.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Katika ufundi huu methali hiyo haifai, maana mafuta yaliyotoka mahali pake huiharibu baruti, na mchukuzi hugundua hasara yake saa ya haja. Basi mwanahistoria anayehesabu bunduki za Lugalo na aulize pia ni nani aliyejua kuzilisha. Kuteka silaha ni ushindi wa siku moja. Kuujua ufundi wake ndio ushindi udumuo.