Elimu ya Ujenzi na Usimamizi Wake: Kutoka Karakana za Ndanda hadi Chuo Kikuu

Usimamizi wa ujenzi ni taaluma ya kupanga kazi, kukisia gharama, kuandaa mikataba, kutunza vifaa na kukagua ubora wa jengo. Kusini mwa Tanzania, taaluma hiyo imepita katika mikono ya Kanisa kwa zaidi ya karne moja.

Katika Vita vya Majimaji, mwaka 1905, misheni za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa. Mwaka 1906 Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walianzisha Ndanda, chini ya Uwanda wa Makonde, palipo na chemchemi ya maji. Mabruda wajenzi walifungua karakana, na humo vijana wakajifunza uashi na useremala huku wakijenga. Elimu ilikuwa ya vitendo: mwanafunzi alimtazama fundi, akashika mwiko, akasahihishwa.

Hata hivyo, kuujua uashi ni jambo moja na kuiongoza kazi nzima ni jambo jingine. Michoro, makisio na daftari la stoo mara nyingi vilibaki kwa bruda. Mwaka 1972, Jimbo la Mtwara lilipochukua nafasi ya Abasia huru ya Ndanda, mzigo wa kujenga ulizidi kuwa wa jimbo, mapadre na waamini wenyewe.

Elimu ya juu ilifuata kwa njia nyingine. Taasisi ya Nyegezi, Mwanza, iliyoanzishwa mwaka 1960, ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998, chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Huko uhandisi ujenzi ukaja kufundishwa katika ngazi ya shahada. Mtwara, Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kilifunguliwa mwaka 2009, lakini kijana wa Newala anayetaka uhandisi bado husafiri mbali.

Serikali nayo iliweka utaratibu. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA kusimamia mafunzo ya ufundi, na ile ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Sheria ya Kanisa inakubaliana na hayo. Kanuni ya 1215 hairuhusu kanisa kujengwa bila idhini ya maandishi ya Askofu. Ya 1216 yadai ushauri wa wataalamu. Ya 1284 yamtaka msimamizi wa mali atunze vitabu vya mapato na matumizi.

Kwetu Masasi na Newala jambo hili lina uzito wa pekee. Michango mingi huja baada ya mauzo ya korosho, wakati ambao mvua nazo zinakaribia au zimekwisha kuanza. Juu ya uwanda maji ni ya shida, na zege haikorogwi bila maji. Kamati isiyopanga hununua saruji ikaganda stoo, au huinua kuta zikanyeshewa bila paa. Sadaka ya mjane hupotea hivyo, pasipo mwizi yeyote.

Kwa hiyo tunazihimiza kamati za ujenzi: kabla ya kuchimba msingi, pawepo mchoro uliokaguliwa, makisio yaliyoandikwa, ratiba inayofuata mvua na korosho, na kijana mmoja wa parokia anayesomeshwa kazi hiyo. Mabruda walituachia majengo. Tunapaswa kurithi pia nidhamu iliyoyasimamisha.