Wakuu wa Forodha wa Zanzibar na Namna Walivyopatikana

Katika karne ya 19 vyeo vichache vya serikali ya Zanzibar vilikuwa na uzito wa kile cha mkuu wa forodha, yaani msimamizi wa ukusanyaji wa ushuru wa bidhaa katika bandari za kisiwani na za mwambao wa bara. Cheo hicho hakikupatikana kwa ukoo wala kwa utumishi wa muda mrefu, bali kilikodishwa. Kwa utaratibu huo wa ijara, mfanyabiashara alijifunga kumlipa sultani kiasi maalumu cha fedha kila mwaka, katika mkataba ambao kwa kawaida ulidumu miaka mitano, naye akapewa haki ya kukusanya ushuru wote na kubaki na kilichozidi.

Utaratibu huo ulimfaa Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hadi 1856 na ambaye dola yake ilienea kutoka Muscat hadi Kilwa na kusini zaidi. Alihitaji fedha za kuendeshea majahazi na kulipia askari wake, lakini hakuwa na makarani wa kutosha kuhesabu mizigo katika kila bandari, na mapato ya ushuru yalipanda na kushuka kwa kufuata misimu ya pepo za kaskazi na kusi. Kwa kukodisha forodha alijua mapema atakachopata mwaka mzima, na hasara ya msimu mbaya ikawa juu ya mkodishwaji.

Aliyetaka kazi hiyo alilazimika basi kuwa na mambo matatu: mtaji, uwezo wa kukopesha, na mawakala wa kuaminika mwambao mzima. Waliotimiza masharti hayo walikuwa hasa wafanyabiashara wa Kihindi. Mwaka 1819 forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa takriban reale 84,000, reale ikiwa ni sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria iliyotumika sana katika biashara ya Bahari ya Hindi. Tangu katikati ya miaka ya 1830 ijara ilikuwa mikononi mwa Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, ambaye familia yake ilikuwa imekwisha kujijengea biashara huko Muscat, na ambaye aliweka watu wa jamii yake kuwa wakusanyaji wa ushuru katika bandari kuu za mwambao.

Kazi yenyewe ilifanyika ufukweni, chini ya mabanda ya nguzo na makuti, ambako wapagazi walishusha pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na marobota ya nguo, na makarani wakapima kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16, kisha wakaandika ushuru uliopasa kulipwa. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani ulitoza asilimia 5 tu kwa shehena iliyoteremshwa, na Uingereza ilipata kiwango hicho hicho mwaka 1839. Hata hivyo, biashara ya pembe na sandarusi katika Mrima, yaani mwambao ulio mkabala na Zanzibar, haikufunguliwa kwa wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani, na huko mkuu wa forodha alitoza viwango vikubwa zaidi.

Aliyekusanya mapato ya dola ndiye pia aliyekuwa mkopeshaji wake mkubwa. Sultani alichukua fedha kabla ya wakati wake, deni likaingizwa katika hesabu ya ijara, na kadiri deni lilivyokua ndivyo ilivyokuwa vigumu kumpa kazi mtu mwingine. Kampuni ya Jairam iliendelea kushika forodha chini ya wakala wake Ladha Damji, na ingawa kodi ya mwaka ilizidi reale 300,000 katikati ya miaka ya 1860, ongezeko hilo halikumpa Sultan Majid uhuru, kwani sehemu yake ilimezwa na madeni. Ni mwaka 1876 tu ambapo Sultan Barghash aliikabidhi forodha kwa mshindani, Taria Topan, tajiri wa jamii ya Khoja Ismailia, kwa bei kubwa kuliko ya awali, na katikati ya miaka ya 1880 akaamua kuisimamia mwenyewe.

Muda wa kuunda idara ya watumishi wa serikali haukupatikana. Mwezi Aprili 1888 Sultan Khalifa aliikodisha forodha ya mwambao wa kusini kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na kitendo cha maofisa wa kampuni hiyo kuchukua bandari kikachochea upinzani ulioanzia Pangani, ambao Bushiri bin Salim alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Kisiwani nako, baada ya Uingereza kutangaza himaya yake mwaka 1890, Gerald Portal aliondoa fedha za serikali mikononi mwa sultani na kuweka Wazungu wakuu wa idara, huku Lloyd Mathews, aliyekuwa mkuu wa jeshi la sultani, akifanywa waziri mkuu mwaka 1891. Kwa hiyo kigezo cha kupata kazi kilihama kutoka utajiri wa mwombaji hadi imani ya wakoloni kwake, wala si ustadi wa hesabu uliotangulizwa katika hali yoyote kati ya hizo mbili.

Leo kazi ya kukusanya mapato imepangwa kwa namna nyingine: sheria iliyounda Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 1995, ambayo ilianza kazi Julai 1996, inaweka Kamishna Mkuu anayeteuliwa na Rais, na makusanyo yake ni mali ya umma. Tofauti ya kamishna huyo na Jairam Shivji haimo katika kiasi kinachokusanywa. Imo katika ukweli kwamba kamishna hamkopeshi anayemteua, na kwa sababu hiyo anaweza kuondolewa bila serikali kulazimika kwanza kulipa deni lake.