Yale ambayo sinema haiyaoni

Ukipita jioni Katoro, Nyarugusu au Kakola, saa ambayo vijana wametoka mashimoni na vumbi la mawe bado limewaganda nyusini, utasikia sauti kubwa ikitoka katika kibanda cha video. Picha ni ya Wachina au Wamarekani, lakini anayesema ni Mswahili. Ndiye msimuliaji wa kanda, mtu wa kazi ile iliyompa Lufufu jina nchini. Pamoja na kutafsiri, huongeza yake. Jambazi akinyamaza, msimuliaji humsemea: "Hapa anamkumbuka mama yake." Mcheza picha hakusema neno. Watazamaji wamelipia picha, lakini hawaridhiki mpaka waambiwe moyoni mwa yule jambazi kuna nini.

Upungufu huo ni wa zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la sinema kwa Waafrika. Zilitengenezwa picha fupi juu ya minyoo, kodi, mmomonyoko wa udongo na akiba ya posta, kisha zikazungushwa kwa gari. Maelezo yalitoka kwenye sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali. Yaani hata wakati huo picha ilihitaji mtu wa kuisemea, na aliyeisemea alikuwa mwenye mashine. Mwanakijiji alionekana akilipa kodi; alichokuwa akikiwaza juu ya mtoza kodi hakikuwamo.

Sasa tuvuke ziwa kwenda Ukerewe. Huko, mwaka 1945, Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakuwa na mashine wala fedha za serikali. Alikuwa na kalamu na karatasi. Habari yenyewe ni ya mume na mke wasiojaliwa mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua, na mume anakwenda ukweni kumwomba arudi. Anatozwa pombe ya ndizi. Ndiyo hayo tu! Mtengeneza sinema angeyamaliza kwa dakika tano, kisha atafute mapigano. Kitereza hana haraka. Salamu zinasemwa zote, dawa zinatajwa, ndizi zinaivishwa na kukamuliwa, nawe msomaji unakaa ndani ya aibu ya mtu mzima anayengoja kusamehewa. Muda huo wa kungoja ndio utamu wa kitabu.

Mwenyewe alingoja kuliko Myombekere. Aliifasiri kazi yake kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaichapisha mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Kisiwa hicho hicho ndicho kilichomtoa Euphrase Kezilahabi. Katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, binti anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kipigo hata kamera ingekionyesha. Hofu iliyobaki ndani ya Rosa, inayomfuata hadi shuleni na chuoni, ndiyo iliyohitaji mwandishi. Labda ndiyo maana kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Picha ya kipigo peke yake isingemtisha mtu.

Siidharau sinema. Ngoma ya Wagika na Wagalu wakishindana, umati ukitifua vumbi, hiyo mpeni mwenye kamera. Mwandishi atahangaika kurasa kumi na bado hutasikia mdundo. Lakini hapa kwetu liko jambo moja ambalo kamera inaweza hata kulipotosha.

Kwa miongo kadhaa Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi umekuwa macho mekundu. Macho hayo yana historia. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa enzi za ukoloni ili kufukuza mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, hata ilipofika mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI kuirudisha ardhi na ngitili zake. Kuni zilipokwisha, akina mama walipikia mabua na samadi kavu, na moshi wake ukayala macho yao. Sasa mwelekezee kamera bibi huyo. Itaonyesha nini? Macho mekundu. Itamtazama kutoka nje, mahali pale pale aliposimama anayemshitaki. Riwaya ingekaa ndani pamoja naye, ijue kwamba anawaza mjukuu aliyekwenda machimboni asirudi, na kwamba amesikia hatua uani na hathubutu kuuliza ni nani.

Wakerewe wawili wamekwisha kuonyesha kwamba kalamu huingia nyumba kama hiyo. Riwaya ya bibi wa Shinyanga, ndefu kama ya Kitereza, mimi bado naisubiri.