Kutoka Uzazi wa Majira hadi Uzazi wa Mpango: Historia ya Istilahi za Kuzuia Mimba katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya istilahi za Kiswahili zinazotaja njia za kuzuia mimba. Yanaonyesha kuwa nyingi kati ya istilahi hizo zilitokana ama na sera ya wakati fulani ama na umbo la kifaa, na kwamba ni chache zinazodokeza jinsi njia inavyofanya kazi mwilini. Makala yanadai kuwa pengo hilo linagusa ridhaa ya mtumiaji, na yanapendekeza namna ya kuliziba bila kuyafuta maneno yaliyokwisha kuzoeleka.

Maneno muhimu: istilahi, uzazi wa mpango, ridhaa, sera ya lugha

1. Utangulizi

Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 57 ya wanawake walioolewa nchini Kenya walikuwa wakitumia njia za kisasa za kuzuia mimba. Nchini Tanzania, utafiti wa aina hiyo wa mwaka huohuo ulipata asilimia 31. Tofauti hiyo ina sababu nyingi za kiuchumi, kielimu na kihuduma, na haiwezi kuelezwa kwa lugha peke yake. Hata hivyo, katika nchi zote mbili mteja huijua njia kwa jina kabla ya kuijua kwa utendaji wake. Swali la makala haya ni jina hilo lilitoka wapi, linamweleza mteja nini, na linamficha nini.

2. Dhana iliyotangulia istilahi

Wazo la kuacha nafasi kati ya mtoto na mtoto halikuletwa na zahanati. Neno kubemenda, linalojulikana sana Tanzania, hutaja kudhoofika kwa mtoto anyonyaye kunakodhaniwa kusababishwa na wazazi kutozingatia miiko ya tendo la ndoa, au na mama kushika mimba mapema. Maelezo ya chanzo katika imani hiyo si ya kitabibu, lakini kanuni ya kijamii iliyomo iko wazi: mtoto mchanga ana haki ya muda wake. Kwa upande wa sheria ya Kiislamu, ambayo Waswahili wa pwani wameisoma kwa karne nyingi, wanazuoni akiwemo Imamu Ghazali walijadili azli, yaani mume kumwaga nje, na wengi wao hawakuiharamisha.

Sayansi ya leo inathibitisha sehemu ya hekima hiyo. Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa yake pekee, mchana na usiku, katika miezi 6 ya kwanza, na ambaye hedhi yake haijarudi, ana uwezekano mdogo sana wa kushika mimba, kwa kuwa unyonyeshaji huzuia yai kupevuka. Masharti hayo matatu huenda pamoja. Likikosekana moja, kinga hupungua.

3. Majira, mpango na kipimo

Huduma rasmi zilianza kupitia vyama vya hiari. Tanzania Bara, chama kilichokuja kujulikana kama Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania (UMATI) kilianzishwa mwaka 1959. Ni vyema kuona kuwa jina hilo halitaji kuzuia chochote. Linataja uzazi na malezi. Uteuzi huo uliafikiana na siasa ya wakati wake. Mwaka 1969, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, Mwalimu Nyerere alisisitiza kuwa wananchi wanapaswa kufikiria uwezo wa kuwatunza watoto, si idadi yao tu.

Katika mazingira hayo neno uzazi wa majira lilisikika sana. Majira ni msimu, na ni wakati ufaao. Kwa jamii ya wakulima, sitiari hiyo ilikuwa karibu: hakuna anayepanda nje ya majira, na hakuna anayeshangaa shamba likipumzishwa. Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ilipotolewa mwaka 1992, istilahi iliyotawala nyaraka za serikali ilikuwa uzazi wa mpango. Msimu ulibadilishwa na mpango, neno la ofisi, la bajeti na la maendeleo.

Kenya ilipitia njia nyingine. Ilianzisha mpango wa kitaifa mwaka 1967, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo Afrika kusini mwa Sahara. Huko miundo inayosikika zaidi ni kupanga uzazi na upangaji uzazi. Kisarufi, tofauti si ndogo. Kitenzi kupanga hudai mtendaji, kwa hiyo msikilizaji atauliza ni nani anayepanga. Kirai uzazi wa mpango humficha mtendaji huyo nyuma ya kihusishi -a, na mpango unaweza kuwa wa mke, wa mume au wa serikali. Lugha jirani zilichagua sitiari tofauti: Kinyarwanda husema kuboneza urubyaro, yaani kuuweka uzazi sawasawa, na Kirundi husema kuvyara ku rugero, yaani kuzaa kwa kipimo.

4. Majina ya njia na utendaji wake

Majina ya njia mojamoja yalifuata umbo au namna ya utoaji. Katika miaka ya 1960 daktari Jack Lippes wa Marekani alibuni kifaa cha plastiki chenye mapindo, ambacho kilienea katika nchi nyingi. Kiswahili cha Tanzania kina lupu na kitanzi. Kenya husema pia koili. Kifaa kinachotumika zaidi leo kina umbo la herufi T na kimezungushiwa madini ya shaba, lakini jina kitanzi limebaki. Jina hilo ni kidogo cha tanzi, na kujitia kitanzi ni kujinyonga. Hakuna katika neno hilo kinachomweleza mteja kuwa shaba huzidhoofisha mbegu za kiume zisilifikie yai, kwamba kinga hudumu miaka 10 au zaidi, kwamba hedhi inaweza kuwa nzito na yenye maumivu zaidi hasa miezi ya mwanzo, na kwamba uwezo wa kuzaa hurudi mara kinapotolewa.

Vidonge vya majira vinabeba sitiari ya msimu, ilhali vinapaswa kumezwa kila siku. Vile vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, huzuia yai kutoka kwenye ovari na kuufanya ute wa shingo ya kizazi kuwa mzito. Hupunguza hatari ya saratani ya ovari na ya ukuta wa kizazi, lakini huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa. Havifai kwa mwanamke mwenye shinikizo la juu la damu wala kwa mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35.

Sindano ya miezi mitatu inaeleza muda wa kinga tu. Mwanamke aliyeiacha huchukua kwa wastani takribani miezi 10 tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba. Jina linaahidi miezi mitatu, mwili unadai zaidi, na asiyejua hilo huweza kujidhania tasa. Vijiti, kwa upande wake, hutaja umbo kwa uaminifu, lakini havitaji homoni iliyomo wala muda wa miaka 3 au 5 unaotegemea aina.

Istilahi nzito kuliko zote ni kufunga kizazi. Kizazi kwa Kiswahili ni mfuko wa mimba, na pia ni watu wa rika moja katika ukoo. Kinachofungwa kwa hakika ni mirija inayopitisha mayai. Mfuko wa mimba haufungwi, na hedhi huendelea. Kwa mwanamume, mirija ya mbegu hukatwa na kufungwa, na njia nyingine huhitajika kwa takribani miezi 3 hadi mbegu zilizobaki ziishe. Korodani haziguswi na nguvu za kiume hubaki. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida tendo hilo huchanganywa na kuhasi, ambako ni jambo jingine kabisa.

5. Maudhi, madhara na ridhaa

Lugha ya hatari nayo ina historia yake. Zahanati za Tanzania zimezoea kusema maudhi madogomadogo, kwa maana ya kichefuchefu, hedhi isiyotabirika au mabadiliko ya uzito. Nje ya zahanati neno linalotumika ni madhara. Mtoa huduma akisema maudhi pekee, mteja atakayevuja damu wiki tatu atahisi amedanganywa. Jirani akisema madhara pekee, kila badiliko litaonekana kuwa ugonjwa. Maneno yote mawili yanahitajika, kila moja mahali pake: hedhi isiyotabirika ni maudhi, damu kuganda mguuni ni dhara, na inadai hospitali siku hiyohiyo.

Vivyo hivyo kwa kuzuia mimba na kutoa mimba. Vidonge vya dharura vya levonojestreli, vinavyomezwa ndani ya saa 72, huchelewesha yai kutoka. Haviiondoi mimba iliyokwisha kutunga. Pale mpaka kati ya vitenzi hivyo viwili unapofifia, mjadala wa sera hubishania kitu ambacho dawa haifanyi.

6. Hitimisho

Kubuni istilahi mpya si dawa. Kitanzi, vijiti na sindano vimeota mizizi, na kuving'oa kungeongeza mkanganyiko. Kinachopendekezwa ni kila jina liambatanishwe, katika miongozo na fomu za ridhaa, na sentensi sanifu inayojibu maswali manne: njia inafanya nini mwilini, inadumu muda gani, uwezo wa kuzaa unarudi lini au haurudi, na ina maudhi na madhara gani. Sentensi hiyo iseme pia kuwa, kati ya njia zilizozoeleka, ni kondomu pekee inayokinga maambukizi ya magonjwa ya ngono. Kazi hiyo inawahitaji wanaisimu na wakunga kwa pamoja, na inafaa kuratibiwa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kuwa wateja huvuka mipaka na majina ya njia hizi hubadilika mpakani. Sahihi iliyowekwa chini ya maneno kufunga kizazi ni ridhaa pale tu aliyeiweka alipoelewa ni nini kitakachofungwa, na kwamba kufungua si jambo la kutegemea.