Nyuma ya Picha ya Babu

Picha pekee ya babu tuliyobaki nayo inaitwa IMG-20171119-WA0007. Binamu yangu aliituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo siku aliyokwenda deltani kumsalimia bibi. Aliikuta kwenye sanduku la bati uvunguni, akaitandaza mkekani, akaipiga kwa simu. Kwenye kona ya kushoto kidole gumba chake kinaonekana. Siku ile tulimtania sana. Leo hakuna anayemtania, maana sanduku lenyewe halipo.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti, bibi alikuwa ameshafariki na nyumba alikuwa anaishi ami. Ami alitoka na watoto, godoro moja na redio. Nani angefikiria picha saa ile? Maji yalipopungua, sanduku lilikuwa limejaa tope, na albamu imekuwa bunda moja. Picha za studio zina utando wa jelatini ambao ukilowa unavimba, na zikigusana zikakauka pamoja hazibanduki tena bila kuchunana sura. Baadaye nilisoma kwamba tulipaswa kuzitia kwenye maji safi na kuzitenganisha taratibu zikiwa bado mbichi. Sisi tulizianika juani zikiwa bunda hivyo hivyo. Yaani kazi ambayo maji hayakuimaliza, tukaimaliza wenyewe.

Kinachonikera ni kwamba delta ya Rufiji si mahali palipokosa picha. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humu ndani ya mikoko, na Waingereza wakaleta ndege kuitafuta na kuipiga picha kutoka angani. Tarehe 11 Julai 1915 ikamalizwa kwa mizinga ya meli mbili, Severn na Mersey. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Mabaki ya meli yalimezwa na tope, tope lile lile lililokula albamu yetu. Lakini picha zake? Nikiwa na bando la shilingi elfu moja naziona zote kitandani kwangu.

Na si za meli tu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina hazina ya picha za makoloni ya Ujerumani, kama 55,000 hivi, ambazo zimetiwa kwenye kompyuta na kuwekwa mtandaoni. Nilikesha nazo usiku mbili. Nilikuwa natafuta Rufiji, nikajikuta natazama nyuso: wapagazi, wapiga makasia, askari, akina mama. Maelezo chini ya picha yanataja mahali, kabila au kazi ya mtu. Jina lake ni nadra sana. Picha zimeokoka miaka mia na zaidi, vita viwili vikubwa vimepita, na mama yule bado ni "mwanamke" tu.

Nikampigia simu shangazi anayekaa Kibiti mjini, huko juu ambako maji hayafiki. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamsimulia habari za Frankfurt, nikitegemea atashangaa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza:

"Ile ya baba mliyonayo kwenye simu, mlipiga na nyuma?"

"Nyuma kuna nini, shangazi?"

"Nyuma aliandika mwenyewe, mwanangu. Kwa herufi za Kiarabu. Jina lake, la baba yake, la babu yake, mpaka kule walikotoka. Na tarehe."

Hakuna aliyeigeuza. Binamu hakuigeuza, na hata ningekuwa mimi nisingeigeuza. Shangazi mwenyewe hakusoma herufi hizo. Anakumbuka kwamba babu aliwasomea mara moja, na anakumbuka majina mawili tu.

Wapenzi wa fasihi mnaosoma hapa mnajua vizuri tumepoteza nini. Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yametufikia kwa sababu watu walikaa chini wakanakili. Utendi wa Mwana Kupona ni wa mwaka 1858, na tunao leo kwa kuwa ulihama kutoka mkono hadi mkono, nakala juu ya nakala. Miaka ya 1960 J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada na kurekodi sauti kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Alichokuta kwenye masanduku ya watu ni kile ambacho mtu wa kabla yake alikuwa amekinakili kabla mchwa hawajakifikia. Babu na yeye aliandika, ila aliandika nakala moja, akaiweka pahala pamoja, kwenye bonde ambalo kila mtu anajua linafurika. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 ndiyo yaliyofanya serikali iwahamishe watu wengi wa bondeni kwenda kwenye miinuko. Mkulima wa Rufiji tangu zamani hujenga dungu la miguu mirefu shambani. Picha tukaziweka uvunguni.

Basi nimeanza. Kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Mimi diski yangu ya nje, ile mafundi wa Kariakoo wanayoiita eksitenali, iko Dar. Flashi iko kwa shangazi, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko. Ya tatu iko Google, ambako tangu Juni 2021 kupandisha picha bure bila kikomo kumekwisha na unapewa GB 15 tu. Napandisha usiku wa manane. Umeme ukikatika katikati naanza upya, na siku moja diski iliharibika kwa sababu hiyo hiyo, nikarudia kila kitu kutoka kwenye flashi.

Hilo ndilo jepesi. Kazi kubwa ni Jumamosi, sebuleni kwa shangazi, na albamu tulizoazima kwa ndugu wa Kibiti na Dar. Kila picha naipiga mara mbili, mbele na nyuma, hata kama nyuma ni peupe. Shangazi anataja majina, mimi nayaandika kwenye jina la faili. Akichoka tunakunywa chai.

Wiki iliyopita tulikwama kwa kijana mmoja mwenye kanzu, amesimama mbele ya pazia la studio lenye mnazi uliochorwa. Shangazi aliitazama muda mrefu, akaipeleka dirishani, akairudisha.

"Huyu somo yangu wa Mafia atamjua," akasema. "Lakini ana miaka themanini na kitu, na simu hasikii."

Boti za Mafia zinaondokea Nyamisati. Nimeomba ruhusa kazini Ijumaa.