Jiwe linaloteleza: kutoka Musira hadi tangi la samaki

Ukisimama ufukweni Bukoba mjini, kisiwa cha Musira kiko palepale mbele yako. Ukishuka Muleba unakutana na Bumbire na visiwa vingine. Sasa ingiza mguu majini, ukanyage jiwe. Linateleza, si ndiyo? Wengi tunauona utelezi ule kama uchafu tu. Lakini bila viumbe wadogo wanaoishi humo, tangi la samaki lisingedumu.

Twende London, 1853. Bustani ya wanyama ya huko ilifungua jumba la umma la kuonyesha samaki kwenye matangi ya vioo. Shida ikawa kuwaweka hai. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu. Ziwani inasambaa. Kwenye tangi inarundikana, mpaka samaki anauawa na uchafu wake mwenyewe.

Maelezo yalitoka kwa mtu ambaye wala hakuwa mfuga samaki. Kati ya 1890 na 1891, Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alionyesha kuwa kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine wanaogeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Hao hukaa udongoni, na pia kwenye utando wa mawe.

Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta aliwaeleza wafugaji njia yake: chukua mawe ya baharini pamoja na viumbe wake, yaweke kwenye tangi la maji ya chumvi, pitisha hewa, basi. Jiwe lenyewe linasafisha maji. Ndilo linaloitwa jiwe hai.

Ila usilitumbukize moja kwa moja. Sponji na minyoo wengi hufa safarini, na wakioza wanamwaga amonia. Kwa hiyo jiwe hukomazwa kwanza: linawekwa kwenye chombo cha peke yake chenye maji ya chumvi yanayozungushwa na pampu, vilivyokufa vinasuguliwa, maji yanabadilishwa, kisha unasubiri wiki kadhaa. Harufu ikiisha, na kipimo cha amonia na naitraiti kikisoma sifuri, bakteria wametosha.

Utauliza: sisi wa maji baridi yanatuhusu nini?

Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zinazokadiriwa kufikia 500. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, waliokuwa Mwanza tangu 1977, walishuhudia furu wakipotea. Makadirio yao yalifikia aina 200 hivi. Furu wa kwenye mawe, wanaoitwa mbipi, walinusurika zaidi, maana sangara mkubwa hapenyi kwenye nyufa. Baadhi ya furu walichukuliwa kufugwa Ulaya na Marekani. Huko uhai wao unategemea bakteria wale wale wa Winogradsky.

Mawe peke yake hayatoshi, lakini. Mwaka 1997, jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanyika upande wetu wa ziwa. Jike wa furu humchagua dume kwa rangi. Mbolea na maji taka vikiingia ziwani, mwani unazidi, maji yanakuwa ya ukungu, rangi hazionekani vizuri, na aina zilizokuwa mbalimbali zinaanza kuchanganyika. Hakuna aliyeliwa, lakini aina inapotea.

Mfuga samaki ana kipimo, na maji yakichafuka anayabadilisha siku hiyo hiyo. Ziwa hatuwezi kulibadilishia maji. Tunachoweza kudhibiti ni kile kinachoingia: mbolea inayooshwa na mvua kutoka mashambani, maji taka ya miji yetu, na miti inayokatwa kando ya mito. Kwa hiyo siku ukikanyaga tena jiwe la Musira likateleza, angalia pia kama unauona mguu wako ndani ya maji.