Mbona Imepanda? Historia Fupi ya Kutikisa Sauti

Tulipotengeneza sauti ya ganuni kwa programu ya kompyuta, ili isindikize taarabu ya chama chetu, bibi wa mwenzetu mmoja, aliyekulia Unguja kabla ya kuhamia hapa Maskati, alisikiliza kidogo akasema: "Wajukuu zangu, mbona imepanda?" Tukakagua noti zote, hatukuona kosa. Kumbe kosa lenyewe lina umri mkubwa kuliko sisi.

Sikio la binadamu huhesabu sauti kwa kuzidisha. Mitetemo 220 kwa sekunde, 440 na 880 husikika kama noti ileile, kila moja oktava moja juu ya iliyotangulia. Robert Moog wa Marekani alifuata kanuni hiyo alipounda sinthesaiza yake mwaka 1964: kila volti moja iliyoongezwa ilipandisha sauti oktava nzima. Kwa hiyo ukiitikisa sauti kwa volti hizo, unaitikisa kwa vipeo. Mtikiso ukiwa wa polepole, kama mwimbaji anapotetemesha koo, sikio huridhika.

Mtikiso ukiwa wa kasi, mara mamia kwa sekunde, mambo hubadilika. Sikio haliwezi tena kufuata kupanda na kushuka. Husikia rangi mpya ya sauti, na kitovu cha sauti hiyo huwa wastani wa mitetemo. Chukua 440. Oktava moja juu ni 880, umeongeza 440. Oktava moja chini ni 220, umepunguza 220 tu. Wastani hauwezi kubaki palepale. Mtikiso ukiwa laini, usio na makali, hufika karibu 494, yaani toni nzima juu.

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, John Chowning alikuwa akijaribu mtikiso wa sauti kwenye kompyuta. Alipouongeza kasi na kina, akasikia rangi mpya za sauti. Yeye alitikisa kwa kujumlisha: kiasi kilekile juu, kiasi kilekile chini, na kitovu hakikuhama. Alichapisha ugunduzi wake mwaka 1973, Stanford ikaipa Yamaha leseni, na mwaka 1983 kinanda cha DX7 kikaingia sokoni.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wake. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Pamoja na ganuni tulirithi sauti ambazo piano haina. Katika mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932, wataalamu walibishana kama oktava igawanywe sehemu 24 zilizo sawa, wasikubaliane. Robo toni moja ni kuzidisha mitetemo kwa takriban 1.03 tu. Sasa tazameni: ukitikisa kwa vipeo kwa kina cha nusu oktava, noti hupanda takriban kiasi hichohicho, robo toni moja. Kwa msikilizaji asiyezoea, ni kasoro ndogo. Katika taarabu, robo toni inaweza kukutoa kwenye maqamu moja ikakutia katika nyingine.

Watengenezaji wa programu leo wana njia mbili. Wanaweza kujumlisha kama Chowning, au kubaki na vipeo kisha kugawanya kwa ule wastani uliozidi. Sisi tulichagua ya pili, kwa kuwa tuliipenda rangi yake. Tukagawanya kwa 1.03, noti ikarudi mahali pake.

Tumejifunza kwamba noti huandikwa kwa kuzidisha, lakini mtikiso wa kasi lazima upimwe kwa wastani. Hesabu hiyo tungeweza kuifanya tangu mwanzo. Sikio la mzee ndilo lililotuambia kwamba inahitajika. Bibi alisikiliza tena, akatulia. Kisha akauliza mbona wimbo wenyewe tunaukimbiza.